Mguu wa Faida

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hata bibi aliyenihadithia mimi alihadithiwa kabla hajaota magego, palikuwa na mji wa mawe uitwao Mtondooni. Mji ulikuwa na ukuta, ukuta ulikuwa na lango, na ndani ya lango palikuwa na kiti kilichokaliwa na wanaume watupu tangu mji kuwa mji. Mpaka akaja Mwana Mize.

Huyu alikuwa binti pekee wa mfalme aliyekufa bila mtoto wa kiume. Wazee walinuna, wakakohoa, wakatazamana, mwisho wakamkalisha. Lakini siwa wakamnyima. Siwa ni ile pembe kubwa ya ndovu inayotaka mapafu ya mtu na nusu kuipuliza. Pale Mtondooni ilipulizwa kwa jina moja tu, na ikishalia, basi, kiti ni cha mwenye jina na cha uzao wake.

"Siwa hailii kwa mwanamke," alisema Mwinyi Hatibu, binamu yake, aliyekuwa akikimezea mate kiti kile. "Kwanza tumwone siku ya shida. Akiweza, ilie kwa jina lake, na binti zetu nao wakikalie. Akishindwa, kirudi kwetu, na mwanamke asikisogelee tena."

Wakaapa wote, na Mwana Mize akaapa nao.

Basi akatawala miaka saba bila siwa. Alitawala nyuma ya pazia, maana siku zile sauti ya mwanamke wa nyumba kubwa haikusikiwa na wanaume wa nje. Akitaka kusema alitikisa vikuku vyake vya fedha, watu wakanyamaza. Kisha alimnong'oneza somo yake, Bi Mwanate, bibi aliyemfunda ujana wake, na Bi Mwanate akatoa sauti: "Mwana asema!" Akitoka nje alitembea ndani ya shiraa, hema ya nguo inayoshikwa na wajakazi wanne kwa fito nne. Watu waliona miguu tu na makubadhi yake. Walimjua kwa vikuku na kwa miguu, uso hawakuujua.

Na alifanya kazi, msimdharau! Kisima kilikuwa nje ya ukuta, akachimbisha kingine ndani. Ukuta ulikuwa na ufa, akauziba. Kila mavuno aliweka mtama ghalani. Wanaume walimcheka barazani, "Bibi huyu anaogopa nini?" Aliogopa kila kitu, wallahi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kushtuka mlango ukigongwa.

Siku ya shida ikaja. Watu wa Kiungwi, ng'ambo ya mto, walitokea mia saba na mikuki yao, wakauzunguka mji. Mjumbe wao akaingia asubuhi, akasimama mbele ya pazia.

"Nimeambiwa mnatawaliwa na ushungi," alisema. "Fungueni lango, tukae kitini sisi. La sivyo tunavunja, na tukishavunja hatuulizi huyu nani wala huyu nani."

Watu wote waligeuka kulitazama pazia. Walingoja vikuku.

Nyuma ya pazia Mwana Mize alimtazama Faida, mjakazi aliyekuwa akimpepea. Kisha akaanza kuvua vikuku, kimoja kimoja, akivilaza juu ya mkeka taratibu. Mnajua kwa nini alivivua? Ili visilie akikimbia. Akakimbia, ndiyo. Akapita chumba cha ndani, akaingia chooni, akatia komeo, akachutama kando ya birika la maji na kanga mdomoni.

Msicheke. Au chekeni, lakini yeye hakucheka.

Bi Mwanate alichungulia nyuma ya pazia akaona mkeka na vikuku, mwenyewe hayupo. Alikuwa bibi wa maneno mengi, lakini hapo alinyanyua kidole tu akamwonyesha Faida mkeka: kaa. Faida akakaa. Akavivaa vikuku akavitikisa, na watu huko nje wakashusha pumzi.

"Mwana asema!" Bi Mwanate akapaza sauti, na hakuna aliyemnong'oneza neno. "Mwana asema, maji yetu yako ndani ya ukuta. Yenu yako wapi? Mwana asema, mtama wetu ni wa miezi minane. Nyinyi mmekuja na wa siku ngapi? Mwana asema, kaeni. Wageni hawafukuzwi, huondoka wenyewe chakula kikiisha."

Watu walipiga vigelegele. Mjumbe uso ukamparama.

"Hayo maneno ya pazia," alisema. "Kama kweli mnaye mtawala, apande ukutani tumwone akitembea. Asipopanda kabla ya adhuhuri, tutajua kiti ki kitupu."

Bi Mwanate alirudi ndani akaenda kugonga mlango wa choo. "Mwanangu, toka. Ni kutembea tu."

"Siwezi, Somo," alijibu Mwana Mize. "Miguu haipo."

Bi Mwanate akarudi kwa Faida. "Vaa makubadhi yake."

"Wakinipiga je?" Faida aliuliza.

"Wakikupiga watakuwa wamempiga yeye," alisema Bi Mwanate. Mwenyewe alijua maana ya neno hilo: mjakazi akifa, ananunuliwa mwingine.

Faida akavaa makubadhi, akaingia ndani ya shiraa, akapanda ukutani. Akatembea toka pembe hadi pembe, mara ya kwanza. Akarudi, mara ya pili. Katika mara ya tatu jiwe la teo, kombeo la Kiungwi, likampata kifundo cha mguu wa kushoto, akaanguka goti moja, na mji mzima ukasema, "Yallah!" Akanyanyuka. Akaimaliza mara ya tatu akichechemea, damu ikijaa kwenye kubadhi, na watu wakapiga kelele zilizofika mpaka chooni: "Mwana! Mwana! Mwana!"

Mwana Mize alisikia jina lake likishangiliwa. Alijiziba masikio, likapenya vidoleni.

Watu wa Kiungwi walikaa siku kumi na moja. Chakula kikawaishia, wakaondoka. Lakini mlango wa choo ulifunguliwa siku ileile ya kwanza, Bi Mwanate akasimama kizingitini akamwambia, "Toka, Mwana. Umeshinda." Mwana Mize alitamani ardhi ipasuke immeze. Na Faida akaletwa, mguu umevimba, akavua vikuku akamrudishia kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Basi ikapangwa siku ya siwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Mwana Mize alimwambia somo yake, "Nitasema ukweli."

"Sema," alijibu Bi Mwanate. "Kiti kitarudi kwa kina Hatibu, na mwanamke asikisogelee tena. Uliapa mwenyewe. Sema, halafu uwatazame watoto wa kike wa mji huu machoni."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, siwa italia. Lakini walikuona ukichechemea. Kesho chechemea."

Siku ikafika, uwanja ukajaa. Mpiga siwa, Mzee Shomari, alisimama jukwaani. Mwinyi Hatibu alikaa mbele, amekunja nne. Shiraa ikatoka, na Mwana Mize ndani yake, na ufito wa mbele umeshikwa na nani? Na Faida. Mwana Mize akaanza kuchechemea.

Akachechemea mguu wa kulia.

Lo! Miaka saba alikuwa na Faida nyumba moja, siku nyingi huyo amefungwa kitambaa mguuni mbele ya macho yake, na hakujua ni mguu gani. Alikuwa hathubutu kuutazama. Faida akainama kushoto, Mwana Mize akainama kulia, na shiraa katikati yao ikawa inayumba huku na huku.

Fundi Mbwarahaji, mshona makubadhi, ndiye aliyeona kwanza. Watu wengine hutazama nyuso, yeye hutazama miguu.

"Subhanallah!" alisema. "Mguu umehama! Mimi mwenyewe nimeliosha damu kubadhi la kushoto!"

Watu wakacheka, kisha wakatazama vizuri, kisha wakaacha kucheka. Mwinyi Hatibu akasimama. "Aliyepanda ukutani ni nani?"

"Mwana asema," Bi Mwanate aliwahi, "maumivu huhama!"

Na wallahi baadhi ya watu walianza kutikisa vichwa kukubali. Neno hilo lilikuwa limebaki kidogo tu lipite. Mwana Mize ndani ya shiraa aliona mguu wa Faida, kile kitambaa chenye doa, nao ukitetemeka kwa kusimama. Haya ilimpanda toka unyayoni mpaka utosini. Akavua vikuku, safari hii bila kuvilaza taratibu, vikaanguka vikalia. Akafunua shiraa akatoka juani, uso wazi.

"Ni Faida," alisema. Watu walishtuka kusikia sauti yake. Ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida. "Alipanda Faida. Mimi nilikuwa chooni, nimejifungia."

"Mmesikia?" alisema Mwinyi Hatibu. "Jaribio limeshindwa. Kiti chetu."

"Bwana mkubwa," alisema Fundi Mbwarahaji kwa upole, "asubuhi ile uliniletea makubadhi ya safari niyakaze haraka. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mwinyi Hatibu alikaa chini, na nne hakuikunja tena. Wengine wengi nao walitazama vidole vya miguu yao, maana makubadhi yaliyokazwa asubuhi ile hayakuwa ya mmoja.

Hapo Mzee Shomari, mpiga siwa, akasema, "Mimi nimeitwa kupuliza. Kiapo hakikutaja jina la mtu, kilisema tu 'akiweza siku ya shida, ilie kwa jina lake'. Nipeni jina. Siwa haipulizwi mara mbili, na alasiri inakaribia."

Bi Mwanate akatangulia. "Kwa miaka saba nimesema 'Mwana asema', na siku ile Mwana hakusema. Nilisema mimi. Jeshi lilivunjwa moyo na maneno, na maneno yalikuwa yangu, hayakunong'onezwa na mtu. Nimedanganya, ndiyo. Nimemtuma mtoto wa watu kwenye mawe, ndiyo, na sitalala vizuri mpaka kufa kwangu. Lakini bila ulimi huu, lango lingefunguliwa kabla ya chai."

Mwana Mize alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Mimi sina uso wa kudai. Lakini nikinyamaza, wasichana watasema nimewauza mara ya pili. Somo alisema maji yako ndani, nani aliyachimba? Alisema mtama wa miezi minane. Nani aliuweka mkiniita mwoga? Mwoga nilikuwa kweli. Woga ulionitia chooni ndio uliochimba kisima kile. Mimi nilikimbia asubuhi moja. Miaka saba sikukimbia."

Mwisho Faida. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu, akauegemea ule ufito.

"Maneno ya Bi Mwanate nayajua, na kisima cha Mwana mimi ndiye niliyekuwa nikichota," alisema. "Lakini yule mjumbe alishasema hayo ni maneno ya pazia. Alitaka miguu, nikampa yangu. Sikuwa na uzao wa kurithi kiti, wala sikuahidiwa kitu. Niliambiwa nikipigwa, amepigwa mwingine. Basi mbona kinachouma ni changu?" Akamgeukia Mwana Mize. "Mwana, mguu huu ungeniomba, ningekupa. Umeuchukua bila hodi. Na kuuiga kwenyewe hukujua."

Mwana Mize alilia hapohapo mbele ya mji mzima, na hakujifunika.

Sasa tazameni. Siwa ikilia kwa Bi Mwanate, imelia kwa ulimi uliookoa mji kwa uongo. Ikilia kwa Mwana Mize, mabinti wa Mtondooni watakikalia kiti, lakini watakikalia juu ya mguu wa mwenzao. Ikilia kwa Faida, mjakazi anakuwa mtawala wa watu waliomtuma akafe, na nani atachimba kisima kijacho? Na isipolia kabisa, mnajua nani amekaa pale mbele, na makubadhi yake ya safari, anangoja.

Mzee Shomari ameshainua pembe, mashavu yamejaa pumzi, na jina ni moja tu. Semeni nyinyi mliosikia. Lakini atakayesema "Mwana Mize hapana, alijificha", atutajie kwanza mlango aliojifungia yeye siku yake.

Je, siwa ilie kwa jina la nani?