Kamba ya Kisima cha Ngassa

Ajali haina kinga, lakini kamba mbovu ina mwenyewe. Kipande cha kwanza mnakijua tangu utotoni. Hicho cha pili ndicho mnachoniuliza kimetoka wapi. Basi tegeni masikio, kilianzia kisimani.

Mwaka wa ukame, kisima cha Ngassa, tajiri wa ng'ombe pale Mwabuluda, kilianza kukauka. Akamwita Maganga, mchimba visima, akiongeze kina. Maganga aliivuta kamba, akaona nyuzi zake zinaachana. Akaomba nyingine.

"Ng'ombe wana kiu," Ngassa akamjibu. "Hiyo imefanya kazi miaka yote."

Maganga akashuka. Wakati wa kumpandisha, kamba ikakatika.

Nyamizi, mjane wa Maganga, aliyapata hayo kwa Limbu, aliyekuwa akivuta kamba juu. Limbu alisimulia akilia, kisha akamsihi asimtaje, maana riziki yake ilikuwa kwa Ngassa.

Msibani Ngassa alileta gunia la mchele. "Pole, mama. Ajali haina kinga. Mungu amemtwaa." Waombolezaji wakaitikia. Nyamizi alitaka kusema, sauti zao zikamfunika.

Matanga yalipoanuliwa, alikwenda kushitaki kwa jumbe. Baraza likafurika.

"Mimi nilimsukuma?" Ngassa aliuliza. "Nilimchoma mkuki?"

Limbu alipoulizwa alitazama chini. "Sikuona kitu."

Nyamizi akasogea mbele ya jumbe. Hakuwa na shahidi mwingine. "Jumbe," akasema, "kipande cha ile kamba bado kinaning'inia kisimani. Twendeni."

Walipofika, alimgeukia Ngassa. "Mzee wangu, kama kamba ilikuwa nzima, basi kipande hiki nacho ni kizima. Jifunge ushuke. Mungu wa Maganga ndiye wako."

Ngassa, kwa kiburi, alijifunga kiunoni, akakanyaga ukingo. Limbu akashika kamba. Ngassa akaanza kujiachia, kamba ikalia.

"Usishuke, baba!" Limbu akapiga ukelele, akimvuta nyuma. "Itakatika! Maganga alikuambia mbele yangu kwamba imeoza!"

Ngassa alibaki ameketi mavumbini, jasho likimtiririka.

Jumbe hakupandisha sauti. "Hukukusudia kuua, Ngassa, wala hatukuiti muuaji. Lakini ulionywa, ukapuuza, na mtu amekufa. Usimsingizie Mungu, kifo hiki kina mkono wako. Nyumba ya Maganga utailisha na kuivika hadi wanawe wajitegemee."

Nyamizi hakupiga kigelegele. Hukumu haikumrudishia mume. Aliinama pale kisimani akalia kilio kilichomkataa siku zote za matanga, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu.

Tangu siku hiyo, mzembe akijitetea kwamba ajali haina kinga, hakosi mtu wa kummalizia: lakini kamba mbovu ina mwenyewe.