Zamu ya Kumwosha Mzee Feruzi

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi yategeni. Na wewe uliye pale nyuma, acha kutafuna, nikusikie ukiitika.

Zamani hizo, bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mcha Mungu mmoja, Shehe Badawi. Waumini walitoka kila upande kuja chuoni kwake kufunzwa dini na adabu. Aliyehitimu alivishwa kilemba kwa mkono wa shehe, akarudi kwao kuongoza watu.

Kati yao alikuwamo Shaweji. Kijana huyo, jamani, hatulii! Kwao hapakuwa na imamu. Mama yake alishamtumia kitambaa cheupe pe, na majirani alishawatangazia: "Mwanangu anarudi na kilemba." Kila akikumbuka maneno hayo, anakitoa kitambaa na kukipima kichwani.

Hapo chuoni aliishi Mzee Feruzi, mgonjwa, miguu imejaa vidonda. Kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya kumwosha. Ikifika ya Shaweji, utamsikia: "Ndugu yangu, nishikie zamu, nina mlango wa kitabu wa kuhifadhi." Wakamshikia leo, wakamshikia kesho, wakamshikia mwaka mzima.

Akahifadhi kitabu chote. Mbio kwa shehe: "Shehe, tayari?"

"Bado."

Akafunga saumu za sunna mwezi mzima. "Shehe, tayari?"

"Bado."

Akajitenga siku arobaini, akatoka amekonda, macho yameingia ndani. "Shehe, tayari?"

Shehe akamtazama mikono. "Bado, mwanangu."

Loo! Hasira zikampanda. "Bado, bado, mpaka lini? Mama yangu afe akingoja?" Asubuhi hiyo hiyo akajizungushia kitambaa kichwani mwenyewe, huyoo, akashika njia.

Akaenda, akaenda, akaenda. Kijiji cha kwanza tu, watu wakamkimbilia: "Shehe! Mungu amekuleta. Tuna maiti, na mwoshaji wetu amesafiri."

Moyo wa Shaweji ukaruka kwa furaha. Masharti ya kuosha maiti aliyajua yote, hakosei hata moja. Akaingia, akafunua shuka. Marehemu alikuwa na vidonda miguuni.

Akanyoosha mkono, ukarudi. Akanyoosha, ukarudi. Akanyoosha mara ya tatu, akatoka nje kutapika.

Mjane akamfuata mpaka mlangoni, akamtazama kile kilemba, akasema polepole, "Pisha, mwanangu. Mume wangu nitamwosha mwenyewe."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea! Aibu ikamla mzima mzima. Akageuza njia, mbio, hakupumzika mpaka chuoni, moja kwa moja kwa Mzee Feruzi. Akavua kitambaa cha mama yake, akakichana, akachovya kipande kwenye maji ya uvuguvugu. Akanyoosha mkono, na safari hii haukurudi.

"Nani huyo?" akauliza mzee.

"Shaweji, babu."

"Kwani leo zamu yako?"

"Zamu yangu ilikuwa mwaka jana, babu. Nisamehe."

Shehe Badawi akasimama mlangoni. Akaviona vile vipande vimelowa usaha. Akavua kilemba chake mwenyewe, akamnyooshea.

"Tayari, mwanangu. Nenda kwa mama yako."

Shaweji hata uso hakuinua. "Bado, Shehe. Umebaki mguu mmoja."

Mmesikia?

— Tumesikia!

Basi ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda aiache mlangoni, atakayepita ataiokota.

— Tumeibeba!