Aliyepunga Kitambaa

Aliyepunga kitambaa naye yumo mbioni. Mmeisikia asubuhi kwa mtendaji wa kata, mkacheka, mkasema methali gani hiyo, mbona haimo kwenye vitabu vya shule. Sawa, haimo. Ilizaliwa hapa hapa Ihanga, na chanzo chake kimekaa mbele yenu kinashona shati. Sogezeni kwanza hizo pikipiki mlangoni, mnaniziba mwanga. Kaeni. Nitasimulia mara moja tu, maana si jambo ninalopenda kulisema.

Miaka kumi na minne iliyopita barabara yetu ndiyo kwanza imetiwa lami, kutoka sokoni hadi darajani. Kilomita mbili, imenyooka, inang'aa. Tulikuwa tumekula vumbi tangu tuzaliwe, basi lami ile ikatupanda kichwani. Vijana wa bodaboda walikuwa na vijiwe viwili, cha sokoni na cha stendi, na kila siku ni ubishi: nani dereva kweli, nani ana mdomo tu. Sokoni walikuwa na Oddo Nyagawa, kijana mpole ajabu akiwa chini, lakini akishapanda pikipiki haambiliki. Stendi walikuwa na Zabron, bingwa wa maneno. Mwisho wakaamua ubishi ukatwe barabarani. Jumapili baada ya ibada, kwenda darajani na kurudi.

Wakatafuta mtu wa kuwaanzisha na wa kuamua nani katangulia. Wakaja kwangu, kwa sababu kibanda changu kiko katikati ya vijiwe viwili, nashonea wote, sina upande. Oddo akaniambia, "Baba Fundi, wewe ukisema fulani kashinda, hakuna atakayebisha." Jamani, sifa! Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikavimba kichwa. Nikakata kipande cha bitana nyekundu, nikakipiga na pindo kabisa ili kisichanike kwa kupungwa. Hadi leo nikikumbuka lile pindo natamani ardhi ipasuke.

Wala msidhani sikujua. Juma lile lile Afande Kilasi, trafiki wetu, alikuja kutiwa kifungo cha shati. Alikuwa amesikia tetesi. Akasema kwa sauti, makusudi, vijana walioko nje wasikie:

"Barabara ya umma si uwanja wa michezo. Kushindana barabarani ni kosa la jinai. Kuna faini, kuna jela, na leseni inaondoka. Nitakayemkamata asije kunililia."

Vijana wakajifanya wanafuta vioo vya pikipiki. Mimi nikakata uzi kwa meno, nikamrudishia shati lake, nikajisemea moyoni: hayo yanawahusu wenye pikipiki, mimi hata baiskeli sina. Ndivyo nilivyojidanganya.

Sasa kulikuwa na Mama Tumsifu, mjane wa pale nyuma ya zahanati, aliyekuwa anamwoza binti yake wa pekee. Aliniletea kitenge nimshonee gauni lake la kwendea harusini. Mnatujua sisi mafundi. Nikamwambia njoo Jumatano, akaja. Njoo Ijumaa, akaja. Mwisho nikamwambia, "Mama, Jumapili saa nane, haki ya Mungu." Na safari hiyo gauni lilikuwa tayari kweli. Ila saa nane hiyo fundi alikuwa barabarani na kitambaa chake chekundu.

Watu walijaa pande zote mbili. Nikainua kitambaa, nikakishusha, pikipiki zikaondoka kwa mngurumo hadi watoto wakaziba masikio. Zikapotea kuelekea darajani. Baada ya muda mfupi tukazisikia zinarudi. Nikasogea ukingoni kabisa, nikainama, macho kwenye mstari wa chokaa tuliouchora.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Tumsifu upande wa pili. Alikuta kibanda kimefungwa, akaelekezwa kwamba fundi yuko kule. Akaniona, akatabasamu, akaweka mguu mmoja juu ya lami. Yeye alizoea pikipiki za kila siku, unaisikia mbali na unavuka taratibu. Msisikilize nusu nusu hapa, wanangu. Mimi nilimwona. Kitambaa kilikuwa mkononi. Ningekitupa juu, ningepiga ukelele, ningenyoosha tu mkono kumzuia, angesimama. Sikufanya. Nilirudisha macho kwenye chokaa, maana nilitaka kuona gurudumu la nani linatangulia.

La Oddo ndilo lililotangulia. Na ndilo lililompiga.

Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nikasokomeza kitambaa mfukoni, nikakimbilia pale. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili, juu na chini ya goti. Nikambeba mgongoni hadi kwenye gari la padri, nikakaa naye hospitali hadi walipompeleka ndani kufungwa plasta. Kabla hawajamwingiza akanishika mkono, akasema, "Asante, fundi. Bahati yangu ulikuwa karibu."

Nikamjibu, "Usijali, mama."

Hebu fikirieni. Usijali, mama! Nikaenda nyumbani, nikampelekea gauni kesho yake, nikakataa malipo, akanibariki mbele ya wagonjwa wodi nzima. Mji mzima ukasema fundi ana utu. Na mimi nikaacha waseme.

Oddo na Zabron walikamatwa siku ile ile. Mahakamani wakakana. Kila mmoja alisema alikuwa anakwenda zake, mashindano hayakuwepo. Na jina langu hawakulitaja, hata mara moja. Wale watoto walinistahi. Nilikaa benchi la nyuma nikiomba Mungu shauri liishe hivyo hivyo.

Akaitwa Mama Tumsifu, akaja na magongo. Hakimu, mama mmoja wa sauti ya chini, akamuuliza alikuwa anavuka kwenda wapi.

"Kwa fundi wangu, mheshimiwa. Yule pale nyuma, ndiye aliyenibeba."

Shingo zote zikageuka.

"Na fundi wako alikuwa anafanya nini ukingoni mwa barabara siku ya Jumapili?"

"Hilo sijui, mheshimiwa. Mimi nasema Mungu ndiye aliyemweka pale kwa ajili yangu."

 Nikamtazama Oddo kizimbani, akainamisha kichwa ili asinitazame. Miguu ikaninyanyua yenyewe. Askari akaniambia kaa chini, sikukaa.

"Mheshimiwa, Mungu hakuniweka pale. Mimi ndiye niliyewaanzisha. Nilipunga kitambaa."

"Una pikipiki wewe?"

"Sina."

"Kwa hiyo ulidhani huna kosa?"

"Ndivyo nilivyodhani."

"Anayesaidia kosa litendeke ameshiriki kosa," akasema. "Sheria haiishii kwa aliyeshika usukani."

Nikatolewa benchi la wasikilizaji, nikatoka na pingu. Oddo alipata miezi kumi na minane jela na leseni ikafutwa. Zabron miezi sita, leseni ikafungiwa. Mimi nilikiri, nikapewa faini na miezi minne ya kufagia hospitali kila asubuhi, na wateja wangu wanapita wananiona.

Lakini hayo si kitu. Kitu ni siku niliyokwenda kwa Mama Tumsifu kuomba radhi. Nikapiga hodi, nikapiga magoti mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Harusi ya binti ilikuwa imepita, yeye hakuweza kwenda.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, fundi. Umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Lakini mama, nielewe, sikukimbia mimi. Wenzangu ndio waliokimbia. Mimi nilipunga kitambaa tu."

Mnaona? Baada ya pingu, baada ya fagio, bado nilikuwa na hiyo "tu" mdomoni.

 Hakupandisha sauti.

"Uliniona navuka?"

Nikataka kusema uongo. Ulimi ukakataa. "Nilikuona, mama."

"Ukaangalia nini?"

"Nani atashinda."

Akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Basi nirudishie ile asante yangu ya hospitali, fundi. Nilikupa bila kujua. Na hiyo 'tu' yako ondoka nayo. Aliyepunga kitambaa naye yumo mbioni."

Jirani aliyekuwa anapeta mchele uani alisikia. Jioni neno lilikuwa sokoni, mwezi ukaisha liko kanisani, leo mtendaji analisema kwenye mkutano wala hajui lilimlenga nani. Mama Tumsifu yuko hai, anachechemea, anashonesha nguo zake kwa fundi wa stendi. Tukikutana ananisalimu, mimi naitikia huku nimetazama chini.

Na wewe uliyekuwa unacheka, Jumapili iliyopita wenzako walipokuwa wanashindana kule mzunguko wa juu, ulikuwa umesimama kando unawarekodi kwa simu, unawapigia mbinja waongeze moto. Nilikuona. Mama yako alipouliza ukamwambia wewe hukukimbia.

Aliyepunga kitambaa naye yumo mbioni.