Jasho la Bi Mwanasiti

Bi Mwanasiti muuza vitumbua alimnunulia bintiye bangili ya harusi. Siku ya tatu ikageuka kijani, akairudisha kwa Shekue sonara.

"Dhahabu yangu safi, mama. Jasho lenu ndilo kali!"

Bi Mwanasiti akaichukua bangili yake, akaenda zake.

Ijumaa, duka limejaa wateja, mwanamke mwenye nikabu akaleta bangili kuuza. Shekue akaisugua kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu, akaitia tindikali, akacheka.

"Shaba tupu! Aliyekuuzia mwizi, bibi. Akupe dhahabu ya kweli!"

"Waapa mbele ya hawa?"

"Wallahi!"

Mwanamke akachokoa nta ndani ya bangili, ikatokea chapa: Shekue. Kisha akafunua uso.

"Haya, mwanangu, nipe ya kweli. Au na jiwe lako lina jasho kali?"