Nani Alimwinua Chapati?

Sogeeni karibu. Anayependa kuhukumu kabla ya kusikia akae nyuma kabisa, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu waliokuwa wakila sahani moja, nami leo sina nguvu za kuamua ugomvi.

Kwenye vilima vya Rungwe, mahali ambapo mvua haiji kutembea bali imehamia kabisa, kulikuwa na kikundi cha wafugaji kilichoitwa Tupokezane. Sheria yake ilikuwa fupi. Ukipewa mtamba ukamlea mpaka akazaa, ndama jike wa kwanza si wako. Unamtoa kwa mwanachama asiye na ng'ombe, naye wake akizaa atamtoa kwa mwingine. Ndama mmoja, jina moja katika daftari la katibu. Kugawana kulikatazwa, kwa sababu zamani watu wawili walishawahi kupewa mmoja, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyemnywesha maji. Mnyama yule hakufika mwezi.

Basi katika Tupokezane kulikuwa na watatu waliorukwa miaka minne mfululizo, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Tusekile aliendesha bodaboda. Njia ambazo wanaume walizishuka wakiburuta miguu chini, yeye alizishuka akiongea na abiria habari za bei ya ndizi.

Ambokile alichomelea vyuma, na alichokishika kwa moto wake hakikuachia tena.

Lusajo alikuwa fundi simu. Simu iliyozikwa na mafundi wa mjini, yeye aliifufua na kuirudisha ikiwa na majina yote ndani.

Lakini kila ndama alipozaliwa, wazee wa kikundi waliwaangalia hawa watatu na kucheka. "Nyie watu wa kushinda barabarani na vibandani, huyo ng'ombe mtamlisha nini? Petroli?" Ambokile na Lusajo walicheka nao, yakaisha. Kwa Tusekile hayakuisha. Alikuwa ameshajenga banda, ameshapanda majani ya malisho nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alipotoa pikipiki yake alipita mbele ya banda tupu ambamo kuku wa jirani walikuwa wameshajiandikisha. Ilimuuma kweli. Alijiapiza kwamba ndama atakayefuata atakuwa wake, iwe jua, iwe mvua. Na kule, bila shaka, ingekuwa mvua.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya mambo yenyewe, simu ya Tusekile ilikunywa maji. Alikuwa na tabia ya madereva wote wa kule: simu anaibana ndani ya helmeti, kati ya shavu na sponji, anapatana na abiria wa pili huku anambeba wa kwanza. Mvua ikaingia kwenye helmeti, ikaingia kwenye tundu la chaji, tundu likafa. Bahati yake, simu ile ilikuwa ya mtumba ya maana, zawadi ya kaka yake, na iliweza kupokea chaji kwa mgongo bila waya. Akawaendea wenzake wawili. "Nataka ikae mbele ya macho yangu, na ichaji huku natembea. Nimechoka kuendesha nikiwa nimeinamisha shingo."

Ambokile akatengeneza kishikio cha kufunga kwenye usukani. Alikipa makucha manne ya chuma yenye skrubu, akayavisha mpira wa tyubu yasikwangue simu, na chini akapanga vipande vya kandambili nene vya kumeza mtikisiko, kwa sababu mtikisiko wa pikipiki huiharibu kamera ya simu taratibu. Kisha nyuma, kwa kiburi cha fundi chuma, akachomelea bamba zima. "Utaanguka wewe, dada," alisema, "hii haianguki."

Lusajo naye akafungua sahani ya kuchajia bila waya, akaizungushia plastiki na gundi isiingie maji, akavuta nyaya mpaka kwenye betri ya pikipiki. Katikati akaweka kifaa cha kupunguza umeme, maana betri ina mwingi kuliko simu inavyoweza kuumeza, akaweka na fyuzi, akapitisha kila kitu kwenye swichi ya ufunguo ili pikipiki ikizimwa betri isinyonywe. "Utachoka wewe, dada," alisema, "hii haichoki."

Wakaunganisha kazi zao mbili. Simu haikupanda hata asilimia moja, ila bamba la Ambokile lilipata moto wa kukaangia yai.

"Sahani yako mbovu," alisema Ambokile.

"Sahani yangu nzima! Chuma chako kimekaa katikati, umeme wote kinakula chenyewe!"

"Chuma hakijawahi kula kitu cha mtu."

Siku tatu hawakusalimiana. Siku ya nne Tusekile akawakalisha kwenye benchi moja. "Nyie mna ng'ombe? Hamna. Basi mnagombania nini?" Wakacheka kwa shingo upande. Ambokile akakata bamba lake, mahali pake akaweka mfuniko wa ndoo ya plastiki, na aibu ilimshika mpaka akaupaka rangi ya kijivu ili watu wadhani ni chuma. Lusajo naye akaisogeza sahani yake ikae sawasawa na kiuno cha simu. Simu ikawaka alama ya chaji, wote watatu wakashangilia.

Sikilizeni sasa, ndiyo mambo yanaanza.

Dhoruba iliangusha nguzo, kijiji kikakaa siku mbili bila umeme. Siku ya tatu, alfajiri, ng'ombe wa Mama Subilaga, aliyeitwa Chapati kwa madoa yake ya kahawia, alizaa ndama jike. Ilipofika saa mbili asubuhi Chapati alikaa chini na hakuinuka tena. Shingo aliikunja ubavuni, masikio yakawa ya baridi. Mama Subilaga alikuwa mjane, na huyo ndiye ng'ombe wake pekee. Akifa, nyumba ile isingekuwa na maziwa wala cha kuuza. Akampigia bwana mifugo kwa simu yake ya kitochi inayokaa na chaji wiki nzima.

"Hiyo ni homa ya maziwa, mama," bwana mifugo alisema. "Kalsiamu imemwishia mwilini. Dawa ninayo hapa, lakini niko ng'ambo ya bonde kwa mkulima wa kahawa, na pikipiki yangu imekata cheni. Mtu akinifuata nikafika kwako kabla ya saa sita, anapona. Ikizidi hapo, siahidi."

Mama Subilaga akageuka. Mlangoni, wamekuja kumwona ndama, walikuwa wamesimama Tusekile, Ambokile na Lusajo, pamoja na katibu wa kikundi, Mwakalobo. "Ndama huyu lazima nimtoe, sheria ni sheria," alisema. "Basi nasema mbele ya katibu. Kati yenu nyie watatu, atakayemwinua Chapati wangu, ndama ni wake."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Tusekile alikuwa ameshavaa helmeti.

Simu yake ilikuwa na asilimia nne, maana siku zote za dhoruba pikipiki ililala ndani. Bwana mifugo alikuwa amemtumia alama ya mahali alipo, na pasipo alama ile hakuna mtu angempata, maana ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Kwenye mashamba ya chai njia ziligawanyika mbili, kisha nne, na zote zilifanana. Tusekile alikodoa macho kwenye kioo kilichokuwa mbele yake, akafuata mshale. Asilimia nne ikawa tano. Alipofika kilima cha pili ilikuwa saba, na mshale bado ulikuwa unamwonyesha njia. Alimwombea Lusajo heri kwa sauti.

Kwenye mteremko wa udongo mwekundu gurudumu la nyuma lilimkimbia. Pikipiki ikalala upande, Tusekile akabingirika mpaka kwenye mashina ya chai, goti likachubuka. Nataka mjue alichokitazama kwanza. Hakutazama goti. Alitazama usukani, akaiona simu imekaa pale pale ndani ya makucha manne, kioo kinang'aa, mshale unamsubiri. Alimwombea Ambokile heri pia, akainua pikipiki.

Mtoni alikuta daraja limeondoka, yamebaki magogo mawili. Wanaume wawili waliokuwa wakichota mchanga walimpungia mkono. "Rudi, dada! Hapa hata mbuzi hapiti leo."

"Mimi si mbuzi," Tusekile alijibu. Hakuzima injini, kwa sababu akizima, chaji nayo inakatika. Alishuka, akaingia majini, akaisukuma pikipiki akiwa ameibana kwa nyonga, maji yakamfika mapajani na yakamvuta, naye akakataa kuvutwa. Hapo hapakuwa na fundi yeyote wa kumwombea heri. Alipanda ukingo wa pili, na dakika kumi baadaye alimkuta bwana mifugo akimsubiri na begi lake kifuani.

Walipokuwa wanarudi simu iliendelea kufanya kazi. Bwana mifugo, akiwa amekaa nyuma, aliongea kwa spika njia nzima. "Mama Subilaga, asilale ubavu, atavimbiwa! Mkalisheni kwa kifua, mwegemezeni magunia ya nyasi!" Na kule nyumbani mjane na majirani walifanya hivyo hivyo, wakimshikilia Chapati kwa mabega yao. Mtoni wale wachota mchanga walipomwona anarudi na mtu, waliacha makoleo yao wakaja kusaidia kusukuma.

Walifika saa tano na dakika arobaini. Bwana mifugo aliingiza dawa kwenye mshipa wa shingo polepole, mkono mmoja ukisikiliza moyo wa ng'ombe. Chapati akatetemeka mabega, akacheua, akainua matako kwanza kama ng'ombe wainukavyo, kisha akasimama wima na kumlamba ndama wake. Mama Subilaga alilia bila kujificha. "Ndaga, wanangu," alishukuru, "ndaga." Tusekile naye alilia, na hakujua kama ni kwa furaha au kwa goti.

"Mimi si mwanachama, na mshahara wangu naupata," alisema bwana mifugo akifunga begi. "Habari za ndama msinitie." Akaomba chai, akakaa mbali.

Mwakalobo akafungua daftari. "Nani aliyemwinua?"

"Bila kishikio changu," alisema Ambokile, "simu ingekuwa imezikwa kwenye udongo ule, na dada angekuwa anazunguka kwenye chai mpaka sasa hivi."

"Bila chaji yangu," alisema Lusajo, "kishikio chako kingeshikilia kioo cha kujitazamia. Asilimia nne ingemfikisha wapi? Na mama angeambiwa na nani asimlaze ng'ombe ubavu?"

Wote wakamgeukia Tusekile. Alitamani kusema kwamba alitosa mwili wake mtoni peke yake, na vifaa havina miguu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini aliyakumbuka makucha yale manne na ile asilimia tano, akaona uongo hautamtoka. "Namtaka," alisema. "Sitawadanganya, namtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mto niliuvuka mimi. Ila nisingeufikia mto bila hawa."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mzee mmoja, akitaka amani.

"Chawa tumeshamvunja, mzee," Lusajo alijibu. "Tunachouliza ni kidole kipi kivishwe pete."

Desturi ya Tupokezane ni kwamba anayepokea hunawa kwanza, ndipo anakabidhiwa kamba ya ndama, na kamba ikishapokelewa hairudi. Mama Subilaga alileta beseni. Hakumwita mtu kwa jina. Ambokile akanawa masizi, Lusajo akanawa gundi, Tusekile akanawa udongo, na maji yale yakawa ya rangi moja. Wakasimama mbele yake bega kwa bega, viganja wazi, vinadondosha maji. Katibu alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari mmoja mtupu.

Mjane aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akiwa na kamba mkononi, na mpaka leo wanaosimulia hapa hawakubaliani aliinyoosha upande gani. Mimi nilikuwa nyuma ya watu, sikuona. Basi nisaidieni nyie mlio na macho makali. Ahadi imetolewa mbele ya watu, ndama ni mmoja, na mikono iliyonawa ni sita. Je, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa ndiye Mama Subilaga, kamba ile ungeiweka katika mkono upi?