Sihaba na Mzigo wa Liwali

Palikuwa na liwali huko Ndagoni, jina lake Shekuwe, aliyechoshwa na joto la mji wake akaamua kuhamia Kweupe, mji wa milimani, mwendo wa siku kumi na tano. Na huyo liwali alikuwa na vitu, jamani! Vitanda kumi na kimoja, na yeye analalia kimoja. Makabati ya msaji, mazulia, masufuria ya kupikia watu mia, na kasuku aliyejua matusi matatu na kuyatumia panapostahili.

Ikapigwa mbiu: kila mwenye kazi ya kuhamisha watu, awe na ngamia, awe na punda, awe na mgongo wake tu, aje barazani Liwali achague. Asiyekuja ni mkaidi, na mkaidi hufungwa.

Wakaja. Liwali alikuwa na swali moja kwa kila mtu: "Utanihamishia vyote vya nyumba hii, au baadhi?"

Wa kwanza alikuwa Habubu, tajiri wa ngamia arobaini, mtu wa maneno matamu. "Vyote, Bwana wangu! Hata sindano haitabaki."

"Vyote?" Liwali akatabasamu. "Na upepo huu wa barazani? Nao ni wa nyumba hii. Utaubebaje?"

Habubu akafungua mdomo. Upepo wenyewe ukaingia, neno lisitoke.

"Mwongo," akasema Liwali. "Mfungeni. Ngamia wake watieni uani."

Wa pili akajifanya mjanja. "Baadhi, Bwana."

"Baadhi! Na vilivyobaki unaniibia?" Huyo naye akafungwa, na punda wake wakaingia uani.

Siku tatu mambo yakawa hayo. Kufikia Alhamisi ua ulijaa wanyama wa kutosha kuhamisha mji mzima bila malipo, na Liwali bado eti anachagua.

Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo Jongo, hamali mpole, aliyejibu, "Vyote, inshallah." Hata inshallah haikumwokoa. Mkewe aliitwa Sihaba. Alikuwa mdogo wa umbo, ila sauti yake ilisikika mitaa miwili. Alipopata habari, alikasirika kwanza, maana tangu harusi alimkanya Jongo asimkubalie mtu kabla swali halijaisha. Kisha hasira ikampungua, akabaki na hofu. Akanawa uso. Akawafungua punda wanne waliobaki nyumbani, akawaswaga moja kwa moja hadi barazani.

Watu walikuwa wamejaa. Liwali akamwona, akacheka. "Umekuja kumlilia mumeo?"

"Nimekuja kazini, Bwana. Ila niulize kwanza. Nikikujibu ukakosa pa kunishika, itakuwaje?"

"Kazi utapata wewe, na wote walio ndani watatoka na wanyama wao. Wallahi! Watu hawa mashahidi. Haya: vyote au baadhi?"

"Kila utakachokifunga ukakiweka hapa mlangoni, Bwana, nitakibeba. Hata kimoja hakitabaki."

Liwali akajikuna ndevu. Akalizungusha jibu kichwani, akalipindua, hakuona pa kulishika.

"Na upepo wa baraza?"

"Karibu mlangoni nao."

"Mimi nakuuliza wewe utaubebaje!"

"Kubeba ni kwangu, kufunga ni kwa mwenye mali. Mimi nitajuaje unaukunjaje? Labda mara mbili, labda mara tatu."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa kwa kicheko. Liwali akamsikia, akapandwa na mori. "Leteni gunia!"

Basi askari wawili wakaanza kukimbia na gunia wazi, huku na huku barazani, wanakimbiza upepo. Upepo ukija kushoto, wao wako kulia. Wakagongana vichwa. Kasuku akatoa tusi la kwanza. Mwishowe wakalifunga gunia kamba, wakalibwaga mlangoni wanatweta.

"Upepo huo!" akasema Liwali.

Sihaba akainama, akatega sikio kwenye gunia. "Bwana, huu ni upepo wa baraza au ni pumzi za askari? Maana walikuwa wakihema humo humo."

"Ni upepo!"

"Sawa. Ila mzigo hukaguliwa kabla ya safari, tusije tukalaumiana Kweupe. Fungua tuone."

Likafunguliwa. Sihaba akatia kichwa ndani, akatia mkono, akalikung'uta. "Haumo."

"Umetoka lilipofunguliwa!"

"Basi haujafungwa bado, Bwana. Fungeni tena. Mimi na punda wangu tupo, hatuna haraka."

Askari wakatazamana. Mmoja akakaa chini kabisa. Watu wakapiga kelele, "Watoke! Watoke!" na kasuku akamalizia matusi yake mawili kwa mpigo. Liwali alikwisha kuapa mbele ya mashahidi, afanye nini? Akapunga mkono, ua ukafunguliwa. Wakatoka ngamia, wakatoka punda, akatoka Habubu bila kilemba, na nyuma yao Jongo, nyasi zimemjaa kichwani.

"Umemwambia nini?" Jongo akamnong'oneza mkewe.

"Nilisikiliza swali mpaka mwisho," akasema Sihaba, akamtoa unyasi mmoja kichwani.

Liwali akatazama baraza lake. Watu wameegemeana kwa kicheko, wazee wazima wanafuta machozi kwa vilemba, askari wake mwenyewe ameziba mdomo kwa gunia. Akasimama, uso umemwiva.

"Kazi umepata! Lakini sikiliza, wewe mwanamke. Kuna kitu kimoja sijakitaja. Heshima yangu nayo naihamisha, na nataka ifike Kweupe nzima, kama ilivyo hapa Ndagoni leo!"

Sihaba akawatazama watu, akamtazama Liwali.

"Hiyo usihangaike na gunia, Bwana. Nitaifunga kwenye pindo la kanga, na nafasi itabaki."