Badrani na Ubao wa Amri Elfu

Bisha, nakuomba ubishe, tena mapema na kwa sauti, maana wenye vyeti virefu kuliko mikeka ya msikitini wamenibishia hekaya hii na wote wameondoka kimya, na wewe hutakuwa wa mwisho.

Palikuwa na mji uitwao Marjebi, na mtawala wake Sultani Taghlibu bin Shibli, mwenye majumba saba na ndevu za kubebwa na wahadimu wawili. Na ukumbini mwake palikuwa na ubao wa shaba, na ndani ya ubao alifungwa jini Shamtuti, na hapakuwa na mlango uliofunguka wala upanga uliotoka alani pasipo idhini yake. Mtu akiugusa, jini humsomea amri zote elfu za kasri, kuanzia kufungua hazina hadi kuosha punda, naye hungoja yake ifike aseme, "Hiyo." Akisema "Hiyo" kwa isiyo yake, kofi. Na binadamu ni binadamu. Akisikia hazina imetajwa, ulimi hauvumilii. Kasri zima lilikuwa na mashavu kama maandazi.

Sasa Badrani, mpika kahawa, amri yake ya kufungua ghala la buni ilikuwa ya mia tisa na arubaini. Ilipotajwa, moto wake ulikuwa umeshazimika na maji yamepoa. Siku moja Sultani akamwambia mbele ya baraza, "Ewe Badrani, kahawa yangu imekuja baridi siku arubaini. Nakupa siku tatu. Ikija ya moto, omba utakalo. Ikija baridi, kichwa chako kitaagana na mabega."

Badrani, ambaye alikuwa mjanja kuliko mawaziri wote na vilemba vyao, akamwendea jini akamwuliza kwa nini humsomea mpika kahawa habari za punda. Jini akajibu kwa huzuni kwamba yeye hajui nani ni nani, hakuna aliyewahi kumwambia, na koo limemkauka tangu enzi za babu yake Sultani. Basi Badrani akazunguka na daftari, akamwuliza kila mtu hufanya nini kwa mikono yake tangu asubuhi hadi jioni, na likaandikwa jina lake na mbele yake amri zake, hizo tu. Hata Siti Raihani, binti Sultani, aliulizwa, naye akasema kazi yake ni moja, kukataa wachumba, ila iandikwe na kukubali, huenda ikahitajika.

Siku ya tatu jini akameza daftari. Mpishi akagusa ubao, akasomewa unga na kuni, basi. Badrani akagusa, akasomewa buni, na kahawa ikafika ikiunguza ulimi. Sultani akafurahi hata akashuka mwenyewe kuujaribu ubao. Akaugusa. Jini akakohoa.

"Soma," Sultani akasema.

"Jina lako limo, bwana wangu. Mbele yake hapana kitu."

Maana desturi ya Marjebi ni kwamba Sultani hagusi kazi kwa mkono wake. Hata akipiga chafya kuna mtu wa kumsemea alhamdulillahi.

Sultani akaiva kama pilipili, akamwita Farjala, mkata vichwa. Farjala akagusa ubao, akasomewa amri mbili: kunoa upanga, na kukata kichwa kwa amri ya Sultani itakayopita ubaoni. Akajikuna kisogo.

"Bwana wangu, kunoa naruhusiwa. Ninoe?"

Hapo Badrani akapiga magoti akasema, "Ewe Sultani wa zama, mstari wako utajazwa sasa hivi, uandikwe 'kutoa amri'. Ila amri ya kwanza naijua, na shingo yangu ni moja. Uliahidi kahawa ikija ya moto niombe. Namwomba Siti Raihani, maana sijasikia mfalme aliyemchinja mkwewe siku ya harusi."

"Huyo hukataa," Sultani akasema kwa matumaini.

Binti akaitwa, akagusa ubao. Jini akasoma ya kwanza, binti akaiacha ipite. Jini akasoma ya pili. "Hiyo," binti akasema.

Wakaoana, na ngoma zikapigwa siku saba, na mashavu ya watu yakanywea. Na funzo ni hili: mwonyeshe mtu mlango wake, wala usimtajie hazina usiyompa, na kabla hujafunga daftari, mtafute asiyefanya kitu, ndiye atakayekukata kichwa.

Haya, kuna kipande nimekiacha, nakiri. Badrani alitoroka chuoni kabla hajaijua alifu, kama watu fulani ninaowafahamu. Yeye alikuwa akitaja tu. Aliyeshika kalamu ni Siti Raihani. Na walipofika kwenye mstari wa Sultani, Badrani alimwambia aandike "kutoa amri". Binti akachovya kalamu, akaandika jina la baba yake, akapuliza wino ukauke, akafungua ukurasa mwingine.